Dawa za Nyangeta, Aliyekuwa Pia Wakuru

Jumanne ya kwanza ya Juni, asubuhi, nilikuwa nikipara sato jikoni kwangu Musoma simu ilipoita mara mbili. Kwanza daktari wa Bunda: majibu ya vipimo vya jeni vya binti wa kaka yangu yamefika. Kisha mama yangu, kutoka Butiama, anakomlea binti huyo wa miaka sita wakati wazazi wake wakivua Murangi.

"Kesho kutwa tunambadilisha jina. Wakuru limemkataa."

Nilimwacha samaki na nusu ya magamba yake. Kwetu mtoto akiuguaugua, husemwa kuna marehemu anayedai kuitwa. Jina halimdhuru mtu. Lakini mtoto huyu, aliyezaliwa Nyangeta, alipogeuzwa Wakuru, mama alitupa vidonge vyote vya kifafa, akisema ni vya yule wa zamani. Siku mbili baadaye degedege lilimshika mtoto hata tukadhani tumempoteza.

Saa tano, hospitali ya Bunda. Karani alipekua rafu.

"Hatuna Wakuru."

"Basi tafuta Nyangeta."

"Mwalimu, kwani mmeleta watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Sisi tunatafutaga kwa jina, mama. Sura hatuzihifadhigi!"

Tulicheka mpaka daktari akachungulia. Alinieleza taratibu: seli za ubongo huzungumza kwa umeme, nyingine zikichochea, nyingine zikituliza. Umeme huo hupita katika vilango vidogo, na jeni ndiyo yenye maelekezo ya kuvijenga. Kwa mtoto wetu jeni moja imebadilika, na walioumia zaidi ni watulizaji. Wachochezi wamekosa wa kuwanyamazisha. Hicho ndicho chanzo cha kifafa, na cha kuchelewa kusema. Vidonge vyake vya sasa huziba vilango vilevile, hivyo huenda vinamzidishia.

"Ila msivikate ghafla," alionya. "Nitavipunguza mwenyewe huku nikianzisha vingine. Mleteni Ijumaa."

"Amerithi kwa nani?"

"Tuliwapima wazazi, hawana. Mabadiliko yamezuka kwake tu."

Kutoka Bunda hadi Kiabakari nilicheka peke yangu dirishani mwa basi kama mwanafunzi aliyefaulu. Baada ya miaka ya kubahatisha, adui ana anwani! Nikapanda bodaboda kuelekea Butiama, nikimwimbia dereva ambaye hakuniomba.

Alasiri nilimkuta mama akianika kimea cha ulezi kwa ajili ya togwa ya sherehe. Nilimweleza yote. Alikung'uta mikono.

"Kwa hiyo hakuna aliyekasirika huko waliko?"

"Hakuna, mama."

"Wala sikukosea kumpa Wakuru, jina la mama yangu?"

"Hukukosea."

Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha yeye, kiongozi wa vigelegele katika kila harusi ya ukoo, akaangua kicheko. "Kumbe kichwani mwake kuna harusi! Wapiga vigelegele wamejaa, MC kapoteza kipaza sauti!"

Sikuwahi kufundisha biolojia vizuri hivyo.

"Basi jina libaki?"

"Libaki vipi? Kimea hiki nimpe nani?"

"Na vidonge?"

Alitazama kopo la dawa lililokuwa rafuni.

"Vitahama naye," akasema.

Alhamisi, mbele ya ukoo mzima, mtoto aliitwa Nyamisi. Kabla hajaonja togwa, mama alimmezesha kidonge, akapiga kigelegele kilichowashtua kuku. Ijumaa tulikuwa Bunda, watatu. Nilirudi Musoma nikijua kwamba nilikwenda kupigana na desturi, nikakuta ina nafasi ya kopo la dawa.

Wiki sita baadaye nilimwandikia daktari:

"Vidonge vya zamani vimekwisha kuondolewa kama ulivyoelekeza. Kifafa bado humtembelea, lakini wiki hii hakikuja. Jana alitamka 'bibi', na bibi amekitangazia kijiji kizima. Nakuomba uwaambie masjala waandike juu ya faili majina yote matatu na waache nafasi kwa la nne. Mgonjwa ni mmoja, na dawa zake hazikatiki."