Ngoro Zilizofukiwa kwa Ajili ya Malori

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na saba. Hapana, nisidanganye, ilikuwa kumi na nane, maana ule wa kumi na saba kahawa ya Jastini Ndunguru ilizaa mpaka matawi yakainama, na ndio msimu wa mwisho watu wa kijiji cha Matiri kuiona hivyo.

Shamba lake lilikuwa mtelemkoni, chini ya barabara ya malori ya makaa ya mawe. Juu ngoro, chini kahawa, kisha mto. Ngoro ni yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji ya mvua yasibebe udongo, na hazilimwi na mtu mmoja. Mwanamume hufyeka majani na kuyalaza miraba miraba. Mwanamke huja nyuma yake, akachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Jastini na mkewe Avelina walilima hivyo tangu walipooana.

Siku moja dereva mmoja, Protasi, akasimamisha lori. "Mzee, tunapata taabu ya kuegesha. Sawazisha hapa penye mashimo tuegeshe, mama atupikie, uone pesa!"

"Makaa yote haya mnapeleka wapi?"

"Kiwanda cha saruji. Bila makaa, tanuri halichomi mawe. Na bila tanuri, wachimbaji wenu watamuuzia nani? Watayala na ugali?" Akacheka. "Mgodi na kiwanda hawaachani, mzee."

Jastini akaamini. Avelina akasema, "Baba Luisa, lori lina magurudumu. Ngoro hazina."

"Mama Luisa, unaogopa maendeleo?"

"Naogopa mvua."

Wakazifukia. Malori yakaja kweli. Avelina akapika ugali na usipa, dagaa wa ziwani, Jastini akatembea kijijini kama diwani. Hata saruji ya kibanda chao cha chakula ilitoka kiwanda kile kile. Protasi aliigonga sakafu kwa kisigino: "Hii imeiva kwa makaa ya milima yenu!"

Kisha mtambo mmoja ukaharibika huko kiwandani, kifaa chake kikasubiriwa kutoka ng'ambo. Tanuri likapoa. Mgodini nao wakaacha kuchimba, maana makaa yalirundikana bila mnunuzi. Barabara ikanyamaza. Hakuna aliyekuja kusema. Siku hiyo Avelina alikuwa amepika sufuria nzima. Walikula wao na mbwa.

Mvua ikaja, isikute shimo la kuishika. Iliteremka uwanjani kama iliyotumwa, ikang'oa mibuni aliyopanda baba yake Jastini, ikaitupa mtoni. Avelina alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka zake kule Kigonsera. "Shamba likirudi, nami nitarudi," alisema.

Basi Jastini akafyeka majani, akayalaza miraba. Jirani yake Hildegardi akamtania akiwa ng'ambo ya mto: "Shemeji, kitanda umetandika, bibi harusi yuko wapi?" Akacheka peke yake, mpaka alipomwona anashika jembe na kuinama kuchimba, zamu ya mwanamke. Alichimba mpaka mgongo ukakataa.

Avelina alikuja kutazama. Akachota udongo kiganjani, akaufikicha. Ulikuwa mwekundu, mkavu, umejaa changarawe.

"Baba Luisa, udongo mweusi ulishakwenda na maji. Hapa umechimba mifupa."

Akampangusa vumbi begani, taratibu, kama zamani. Akapanda bodaboda, akaondoka.

Jastini alikuwa bado amesimama pale barabarani honi ilipolia. Protasi alichungulia dirishani, meno yote nje. "Mzee, tanuri limewaka! Ila siku hizi tunaegesha kule mbele, kuna uwanja mpana. Mama hajambo?"

Jastini akashika mlango wa lori, akamuuliza neno moja. Protasi akatazama usukani, akaingiza gia. Baadaye Jastini aliwauliza na wa mgodini, na wa ofisi za serikali, na hata wageni waliopita tu njia, wote wakamwamkia shikamoo kwa heshima na kwenda zao. Neno lake lilikuwa hili:

"Siku ile mlipozima tanuri huko, kuna mtu yeyote aliyeuliza upande huu nani anasubiri?"