Kiapo cha Honorable na Kasiksi ya Katogota

Mume wangu Gaspard ni depite, mbunge wa jimbo, watu wanamwita Honorable, lakini moyoni angali katekista wa Mulongwe, hapa Uvira. Wenzake wakichaguliwa wanatafuta gari. Yeye anatafuta watu waliogombana, apate kuwapatanisha! Shamba, ng'ombe, mipaka, yote eti ni kazi ya Injili. Ugali unapoa mezani, minye nachemka.

Mwaka huu, Jumatano ya Majivu, alisimama mbele ya kanisa lote akaapa kwamba hatagusa pombe mpaka Pasaka. Nani alimuomba? Tena akaongeza, "Mkisikia nimekunywa, mnishitaki kwa padri!" Mwanaume huyu na mdomo wake!

Kwaresima ikiwa katikati, habari ikatoka Katogota, kule bondeni. Ng'ombe za Niyonkuru zilikuwa zimeingia katika mihogo ya Octave, na Octave akamkata ng'ombe mmoja mguu kwa panga. Sasa vijana wa pande zote mbili walikuwa wananoa mapanga. Safari hiyo nilikataa Gaspard aende peke yake, tukaenda wawili.

Alisema nao tangu asubuhi mpaka sauti ikakauka. Mwishowe wakakubali: Octave atatoa ndama, Niyonkuru atapitisha ng'ombe zake mbali na mihogo. Ikabaki kunywa tu. Huku bondeni patano halijafungwa mpaka waliogombana wanywe katika kibuyu kimoja, na mpatanishi ndiye anaonja kwanza, watu wote waone hakuna sumu. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikaletwa.

Gaspard akakohoa. "Ndugu zangu, Fanta hakuna?"

"Fanta?" Niyonkuru akaruka. "Weye unaogopa kuonja? Basi iko sumu ndani!"

"Sumu gani?" Octave naye akasimama. "Bibi yangu ndiye aliitengeneza!"

Vijana wakainua mapanga.

"Baba Noella, kunywa!" nikampigia Gaspard kelele. "Mungu hatakuuliza habari ya kasiksi, atakuuliza habari ya watu hawa!"

Akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho. Tulifikiri ataonja. Wapi! Kibuyu kilipanda, hakishuki.

"Honorable, utuachie basi!" Octave akalia. Niyonkuru akacheka mpaka akajishika begani mwa Octave, na wakanywa iliyobaki.

Habari ilifika Uvira kabla yetu. Jumapili, Bénédicte, mkubwa wa shirika letu la waamini, akasimama kanisani. "Padri, Honorable alituagiza tumshitaki. Tunamshitaki!" Kanisa lote likacheka. Gaspard akainamisha kichwa, minye nikatamani ardhi inimeze.

Lakini nyuma kabisa watu wawili walisimama. Octave na Niyonkuru walikuwa wametoka Katogota juu ya moto moja, yaani pikipiki, kuja kumtetea. Octave akaeleza yote, hata habari ya mapanga.

Padri akamgeukia Niyonkuru. "Na ng'ombe zako, leo umemwachia nani?"

"Iko na watoto wa Octave, padri. Wanachunga."

Hakuna aliyecheka tena. Gaspard akatoa leso mfukoni, nikamnyang'anya, maana nilikuwa nalia kumpita.