Kipande cha Kwanza

Mke wa kaka yangu huoka mkate kwa masikio. Ngano haielewani na tumbo lake, akila kipande kidogo tu usiku halali, kwa hiyo mkate anaotuokea kila Jumamosi yeye hauonji kamwe. Huupindua ungali moto, huugonga kitako kwa kidole, kisha huinamisha sikio. "Bado, una maji," husema, na kuurudisha kwenye oveni. Ukiiva, kipande cha kwanza hunipa mimi, huku akinitazama mdomoni. "Onja uniambie, wifi. Chumvi je?" Chekeche lake la unga wa mchele amelifunga utepe mwekundu. Ukilitia ngano, utamtambua.

Jumamosi hii alikuwa anaoka wa kwake, wa mchele na muhogo. Wa kwanza ulitoka tofali. Wa pili ulibonyea katikati kama kiti kibovu, kaka akacheka mpaka akafukuzwa jikoni. Lakini huu wa tatu uliumuka! Wifi akaugonga, akasikiliza, akaugonga tena, macho yakamtoka. "Njooni! Njooni wote!" Tukajazana jikoni, kaka na siagi mkononi. Akakata. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea, nikachapwa vidole. "Wee! Hiki changu." Akatafuna polepole, macho kafumba, shavu limevimba, mguu mmoja unacheza wenyewe sakafuni. Sikuweza kuvumilia. "Niambie basi, wifi! Chumvi je?" Akainua kidole nisubiri, akashika kisu, akajikatia kingine.