Nilimwandika Mama Sikudhani kwenye kitabu cha watoto, akakikataa (Zombo, miaka ya vijiji vya ujamaa)

Wakuu, mliomo na mnaochungulia tu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu jukwaani sidhani kama mmebaki wengi.

Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha, maana wajukuu wa wahusika wapo na wana simu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu ambazo mimi mwenyewe sipendezi.

Wiki iliyopita mjukuu wangu hapa Mikumi alirudi na kitabu cha picha. Kinaeleza jinsi chakula fulani maarufu kilivyogunduliwa. Mpishi kakosea, kamwaga kitu kwenye kikaango, kaonja, watu wote wakafurahi. Mwisho.

Mtoto kacheka mpaka kakaa chini. Mimi sikucheka, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimemkumbuka Mama Sikudhani.

Twende taratibu.

Enzi hizo nilikuwa mwalimu kijana, mtoto wa milimani, nimesomeshwa na misheni. Nikapangiwa shule mpya upande wa Zombo, wilaya ya Kilosa. Watu walikuwa wamehamia kijijini si muda mrefu, nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Darasa langu la pili lilikuwa na vitabu vitano vya kusomea. Vitano, wakuu. Watoto wanasoma kwa kuinamiana shingoni.

Halafu mvua ikakata. Serikali ikaleta unga wa msaada, wa mahindi ya njano.

Vijana hamuujui ule unga. Hatukuudharau, ulituokoa. Lakini ulikuwa na harufu ya kukaa ghalani, na ugali wake watoto waliutazama kama wanavyotazama dawa ya minyoo.

Sasa pale kijijini kulikuwa na mama mmoja mfupi, mkulima, Mama Sikudhani. Mumewe alikuwa kwenye mashamba ya katani, anakuja nyumbani kwa nadra. Huyu mama ndiye aliyetengeneza kitu kutokana na ule unga. Alichanganya na ndizi mbivu, akafunga kwenye jani la mgomba, akapika kwa mvuke. Wanaojua mabumunda, yale ya unga na ndizi, watanielewa, ila hiki kilikuwa laini zaidi na hakina harufu kabisa.

Watoto walikiita nyamaza. Kwa sababu ukimpa mtoto anayelia, ananyamaza.

Muda mfupi tu kila nyumba ikawa inapika nyamaza. Siku za soko wanawake wa kijiji jirani cha Ulaya walikuwa wanakuja kukitafuta kwa baiskeli za waume zao.

Mimi nikapata wazo. Kama vitabu hakuna, nitatengeneza. Na nitaandika habari ambayo watoto wanaila kila siku.

Nilipata karatasi za manila, nikachora kwa mkono. Njano nilitoa kwenye binzari, nyeusi kwenye masizi ya chungu, kijani nikasugua majani. Nikashona kwa uzi wa katani. Aisee, nilijiona fundi.

Kosa langu ni moja tu. Sikwenda kumuuliza mwenyewe.

Nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji, tukiwa tumekaa nje ya ofisi yake. Akanijibu huku anacheka, "Ah, yule! Si ndizi tu ilimponyoka ikaangukia kwenye unga? Akaona hasara kutupa, akapika."

Nikachora hivyo hivyo. Ukurasa wa kwanza, Mama Sikudhani anakanda unga. Wa pili, ndizi inamponyoka, macho yamemtoka kama bundi. Wa tatu, anajishika kichwa. Wa nne, anaonja. Wa tano, kijiji kizima kinacheza ngoma.

Darasa la pili walipenda. Kwenye ule ukurasa wa macho ya bundi walikuwa wanapiga madawati.

Mkaguzi mmoja alipita, akakiona, akakipenda na yeye. Akasema, "Mwalimu, Ijumaa ijayo niletee hiki Kilosa. Tutakitoa nakala kiende shule zote za wilaya. Na wewe tutakuona." Mnajua "tutakuona" ya mkubwa ina maana gani. Nilishaanza kujiona nafundisha mjini.

Mchana wa siku hizo nilikuwa nafundisha pia kisomo cha watu wazima. Mama Sikudhani alikuwa mwanafunzi wangu. Alianza hajui kushika kalamu, na sasa alikuwa anaunganisha maneno. Nikasema, nimpe zawadi. Kitabu cha kwanza atakachosoma maishani mwake kiwe kinamhusu yeye.

Nikampa mbele ya wanawake wenzake. Akakipokea kwa mikono miwili.

Akaanza kusoma, kidole kinafuata herufi. "Ma-ma Si-ku-dha-ni." Wenzake wakapiga vigelegele. Akatabasamu, akafunua. "Ndi-zi i-ka-m-po-nyo-ka."

Akasimama hapo. Akarudia polepole, kama mtu anayehakikisha macho yake hayamdanganyi.

"Mwalimu, ndizi gani?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Wanawake nao wakacheka. Yeye akaitazama ile picha ya macho ya bundi kwa muda. Akafunga kitabu, akakiweka mezani kwangu vizuri tu, akatoka.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu nilianza kuelewa kwamba mtu amesoma sentensi yake ya kwanza duniani, na sentensi yenyewe ilikuwa ya uongo, tena ya kumcheka.

Siku ya nne nikaenda kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu." Hakuniambia karibu kiti. Alinionyesha kigoda cha jikoni. "Kaa. Leo mimi nafundisha."

Akanipa unga uliolowekwa tangu jana yake, ndizi, majani ya mgomba. Akaniambia pika nyamaza.

Jani la kwanza likapasuka. La pili likapasuka. Nilipofanikiwa kufunga, nikaweka kwenye sufuria, tukangoja. Nilipofungua, nje imeiva, ndani unga mbichi, na uchachu unaokunja uso. Nikamwekea kuku wake. Kuku akadonoa mara moja, akaondoka.

Hapo ndipo alipocheka kidogo. Kisha akakaa chini, akaniambia.

"Mwanahamisi wangu, mdogo wake Sikudhani, alipotoka kwenye surua, alikataa kula. Ugali hataki, uji hataki. Mtoto amebaki macho. Jirani zangu walikuwa wanakuja kunitazama kwa ile huruma ya kuaga, mwalimu. Unaijua?"

Nikasema naijua.

"Sikuwa na kitu ila ule unga na ndizi za kule mabondeni. Nikaloweka, ukachacha. Nikamwaga maji nikaloweka upya, harufu ikapungua. Nikapika, ukawa jiwe, hata kuku akasusa. Nikafunga kwenye jani, likapasuka. Nikafikiri, jani likibabuliwa motoni linalainika, si ndivyo tunavyofanya tukifunga samaki? Nikababua. Kila siku najaribu, kila siku anatema. Baba yake akija mapumziko ananiambia acha kuharibu unga. Sikuacha."

Akaniangalia usoni.

"Wewe umeandika mkono wangu uliteleza. Mkono wangu haukuteleza. Nilifikiri, mwalimu. Andika kwamba nilifikiri."

Wakuu, nimewahi kukaripiwa na wakubwa wengi. Hakuna aliyeniingia kama yule mama, na hakupandisha hata sauti.

Nikaomba radhi. Akasema, "Haya. Sasa babua jani, nikuone."

Alhamisi nikatuma ujumbe Kilosa kwamba kitabu hakijawa tayari, kina makosa. Mkaguzi akanifuata mwenyewe wiki iliyofuata. Nikamweleza.

"Makosa gani? Watoto wanacheka!"

"Wanacheka kitu ambacho hakikutokea, mzee."

"Mwalimu, hiki ni kitabu cha watoto, si mahakama. Nipe kama kilivyo."

Nilikataa. Sitajifanya shujaa, mjini bado nilikutamani. Akaondoka amekunja uso, na nakala zikatolewa za kitabu cha shule nyingine. Kilosa mjini sikwenda. Nilikaa Zombo miaka mingine mingi.

Kitabu nikakichora upya. Safari hii Mama Sikudhani alikuwa anakaa pembeni ya meza yangu baada ya kisomo, ananirekebisha. "Jani lishike hivi, si hivyo." "Hapa niweke nimechoka." Macho ya bundi yakaondoka. Kurasa zikawa nyingi mno, kwa sababu alitaka kila alipokosea paonekane.

Nilikuwa na hofu kwamba watoto hawatacheka tena. Nikamwomba aje awasomee yeye.

Alikuja amevaa kanga mpya. Akasimama mbele ya darasa la pili, akasoma bila haraka. Kwenye ukurasa wa jiwe walicheka. Kwenye ukurasa wa kuku anayesusa walicheka mpaka nikaogopea paa. Walicheka kuliko mwanzo, ila sasa walikuwa wanacheka naye. Mmoja akapiga kelele, "Jaribu tena, mama!" Wengine wakapokea, kila akifunua ukurasa: "Jaribu tena!"

Akafika mwisho. Mtoto amekaa kwenye mkeka, jani limefunguliwa mbele yake.

"Mwa-na-ha-mi-si a-ka-la," akasoma. "A-ka..."

Sauti ikakatika. Akajaribu mara mbili, haikutoka. Mimi nikashindwa kumsaidia maana hata mimi nilikuwa naangalia dirishani.

Mwanahamisi alikuwa kwenye dawati la mbele. Alisimama, akaweka kidole kwenye kitabu alichoshika mama yake, akasoma kwa sauti ya shule kabisa:

"Akaomba kingine."

Ndiyo hivyo, wakuu. Mchwa walikila kitabu miaka mingi iliyopita, pamoja na vyeti vyangu. Mama Sikudhani ametangulia mbele ya haki. Nyamaza siku hizi huioni, unga wa ngano upo tele na watu wanapenda andazi.

Funzo nililopata: kabla hujaandika kwamba mtu alibahatika, nenda kamuulize. Wengi tunaowaita wenye bahati walikaa jikoni siku nyingi wakifikiri, na hakuna aliyewatazama.

Sasa nyinyi. Kwenu kuna chakula gani ambacho mnajua kabisa nani alianza kukipika? Andikeni hapa chini. Na tafadhali, msiniandikie "bibi mmoja". Wekeni jina lake.