Mheshimiwa Nyumbani kwa Babake

Mimi simhoji mwanasiasa hotelini. Hoteli za Kakamega mjini zimejaa wagombea waliovaa vizuri, kila mmoja na majibu aliyoyakariri tangu uchaguzi uliopita. Nikitaka kuandika wasifu wa mtu, namwambia anipeleke kwa wazazi wake saa ya chakula, na wapambe wake wabaki barabarani. Wahariri wangu wa kwanza waliniona mkorofi. Siku hizi wananisubiri, maana wanajua sirudi mikono mitupu. Kuna mmoja wa kule Mautuma, aliyejiita mtoto wa wakulima wa mahindi, ambaye mbwa wa kwao walimbwekea mpaka tukashindwa kushuka garini. Sikuwa na mengi ya kumuuliza baada ya hapo.

Wa Butere ndiye ninayemkumbuka zaidi. Alikuwa akitafuta ubunge, na tatizo lake lilijulikana na kila mtu: watu walisema amemnyang'anya babake boma. Shamba la miwa aliliendesha bila kumuuliza mzee, na nyumba yake mpya ya ghorofa ilikuwa imeipa nyumba ya mzee mgongo. Wapiga kura wa huko watakusamehe mengi, lakini si hilo. Alitaka makala yangu iseme kwamba nyumbani kuna amani. Nikamwambia nitaandika nitakachokiona. Akacheka, akasema niko huru.

Tulimkuta mzee ameshaketi mezani, koti limefungwa vifungo vyote. Mheshimiwa, maana kwetu mgombea huitwa mheshimiwa hata kabla hajapata kura moja, alizungumza kwa niaba ya wote. Alieleza kwa kirefu jinsi anavyomtunza babake. Babake alikuwa akitazama mlango.

Ikaletwa ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali. Sasa, kwetu firigisi ya kuku, imondo, haina mjadala: ni ya mwenye boma. Bibi yangu aliishi mpaka akafa bila kuionja. Mheshimiwa akachukua kijiko, akaitafuta kwenye mchuzi, akaniwekea mimi.

"Dada, sisi ni watu wa kisasa," alisema. "Wanawake pia wakule."

Nilikasirika. Si kwa ajili ya mila. Mila hiyo imewanyima mama zetu minofu mizuri, na ikifa sitailia. Nilikasirika kwa sababu alikuwa ananihonga kwa kitu cha babake, babake akiwa pale pale. Nikasimama, nikaishika sahani kwa mikono miwili, nikaiweka mbele ya mzee.

"Karibu, Baba."

Mzee akaisukuma polepole kuelekea kwa mwanawe.

"Mpee yeye," alisema. "Hiyo ni ya mtu ako hai. Mimi hapa wananizikanga kira siku."

Mheshimiwa alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Nilipotoka kunawa mikono alinifuata mpaka kwenye tangi la maji, na ile sauti ya jukwaani ilikuwa imemwisha.

"Dada, hiyo usiandike. Hayo ni mambo ya nyumbani. Itanimaliza."

Alisema kweli, ingemmaliza. Nilimwonea huruma kidogo, lakini kidogo tu. Nikamjibu kwamba nyumbani ndiko tulikokubaliana nije kutazama, na kwamba maneno yale hayakuwa yake hata anikataze. Yalikuwa ya mzee. Ruhusa niliyoihitaji ilikuwa mezani, kwa hiyo nikarudi ndani.

"Baba," nikamuuliza, "hayo uliyosema, niandike?"

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, anamwomba kwa macho, na mzee alimwona vizuri.

"Andika," akasema. "Na uandike hiyo kuku irikuwa yangu. Hakuniuriza."