Gesi Yangu Ilivyohamia kwenye Landrova

Nakumbuka asubuhi moja pale kwetu Makoko, Musoma, niliamka nichemshe uji, nikakuta mtungi wa gesi haupo. Nikatoka uani. Huko ndiko nilikouona, umefungwa nyuma ya landrova kuukuu ya Baba Neema, mume wangu, na mpira umepitishwa hadi kwenye injini.

Mwanangu, kama hujawahi kupuliza mkaa huku machozi yanakutoka na gari linakula gesi yako, usiniambie unaujua wivu.

Petroli ilikuwa imepanda bei, na landrova ile ilikunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Baba Neema ni fundi, akaapa kuwa ataiendesha kwa gesi. Basi nikapata mke mwenza. Jioni yuko chini yake. Jumapili tukitoka kanisani, anavua shati jema anairudia. Alikuwa akiibembeleza: "Haya mama, waka basi." Mimi sikumbuki mara ya mwisho nilibembelezwa lini! Ilipokohoa na kuzima nilifurahi, Mungu anisamehe. Siku ilipowaka akacheka kile kicheko cha wakati wa uchumba wetu. Kikaniuma kuliko moshi wote wa mkaa.

Wivu ni kidonda, wahenga walisema, ukikishiriki utakonda. Nami nilishakonda. Nikafunga kanga zangu, nikapanda gari la Butiama kwa mama yake. Nilitaka asikie kwanza matendo ya mwanawe, ndipo nirudi kwetu Mugango nikiwa na haki yangu.

Nilimkuta zizini anakama. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono haijaacha kiwele.

"Baba yake alikuwaga hivyohivyo," akasema. "Alikuwa na ng'ombe wake mwekundu, anamwimbia, mimi haniimbii. Sasa ningefanyaje, nimpige ng'ombe? Nilimkama. Kila akija kumtazama, ananikuta niko hapo. Wewe umemwambia mwanangu kwamba inakuuma?"

"Ataniona mtoto, mama."

"Haya, endelea kuwa mtu mzima. Uende kwenu."

Maneno yale yalinichoma, lakini gari nililopanda lilikuwa la Musoma. Nilipofika nyumbani wivu ulikuwa bado umenijaa kifuani, sikufichi. Nikasimama mbele ya boneti nikamwambia, "Baba Neema, naionea wivu hii landrova yako."

Nikangoja acheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwa tambara, akafuta tena.

"Mimi nilikuwaga nadhani hutaki hata kuiona," akasema. "Siku ilipowaka nilikuita. Hukutoka."

Ni kweli aliniita. Nami nilimsikia.

Wiki iliyofuata tulikwenda wote wawili Bunda kulinunulia gari tangi lake, maana mtungi wa jikoni si wa kazi ile, na mimi nilikwisha kataa. Njia nzima alinieleza habari za mipira na valvu. Sikuelewa hata nusu, lakini alikuwa anaongea na mimi.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Kitu anachokipenda mwenzako kikikutia wivu, usikipige vita wala usikikimbie. Mwambie kinachokuuma kungali mapema, kwa kinywa chako, kisha sogea karibu uone anapenda nini pale. Huenda nafasi yako alishaiweka, wewe ndiye uliyenuna chumbani.

Mungu akupe mwenzi atakayekuita katika furaha yake. Nawe akujalie wepesi wa kuitika.