Jicho Moja kwa Majani Yote

Niliingia Mbinga nimepakata kioo cha kompyuta. Tulitoka Morogoro kwa gari la kituo cha utafiti wa kahawa, na nyuma yetu, ikiwa imefungwa katikati ya magodoro, ilikuwapo hadubini. Dereva alikatazwa kuitikisa. Kila tuta la barabarani alilipanda kama anayemvuka mtoto aliyelala, na malori ya mbao yalitupita yakitupigia honi. Tulilala Iringa, tukalala tena Njombe kwa sababu ya ukungu. Mimi sikuwa na haraka. Nilishaishi Tanga, nikaishi Tunduma, nikavuka mpaka nikarudi, na hapakuwa na mahali nilipokaa hadi nikanunua kitanda.

Morogoro nilikuwa kwenye studio ya picha. Kazi yangu ilikuwa kukata vichwa vya watu kwenye kompyuta ili wawekewe rangi ya bluu nyuma. Siku moja mtafiti wa magonjwa ya mimea, ambaye baadaye sote tulimwita Daktari tu, alikuja kupiga picha ya pasipoti. Alisimama nyuma yangu akanitazama nikipitisha mstari kwenye nywele za mteja, unywele kwa unywele, akauliza kama ningeweza kufanya hivyo kwa majani ya mibuni. Alipotaja Mbinga nilikubali kabla hajamaliza. Mimi ni Mnyasa, mtu wa ziwani, nimezaliwa Liuli, na kutoka Mbinga ni kuteremka tu. Nilijiambia nitafanya msimu mmoja, nimwone mama mara kwa mara, kisha nishike njia tena.

Chumba cha hadubini hakikuwa na dirisha. Lililokuwapo lilizibwa kwa mbao na kitambaa cheusi, kwa sababu majani yalitiwa rangi inayong'aa gizani. Dada mmoja Mmatengo, aliyenizidi umri, ndiye aliyekata vipande vya majani kutoka mashamba ya Mapera na Mkumbi. Daktari alivipiga picha kwa hadubini. Mimi nilizichora zile picha: mstari kuzunguka kila seli, kila kitundu ambacho jani hupumulia, na kila uzi wa ule ukungu unaoleta kutu ya majani. Kompyuta ilipima nilichokizungushia, na kutokana na vipimo hivyo ingejulikana ni mibuni ipi inayoistahimili kutu.

Msimu ulipokwisha nilikwenda kuaga. Daktari alinikalisha akanieleza taratibu, bila ukali. Mchoraji mmoja hupitisha mstari nje kidogo, mwingine ndani kidogo. Tukibadilisha jicho katikati ya utafiti, hatutajua kama ni mti uliobadilika au ni mtu. Kwa hiyo jicho lililoanza ndilo lingemaliza. Nikauliza utafiti unakwisha lini. Akanijibu kwamba mbuni si mhindi wa kukomaa kwa msimu mmoja.

Nikarudi kwenye kiti. Mvua niliijua kwa sauti juu ya bati. Mibuni ilipochanua, harufu yake ilipenya chini ya mlango, na nilipotoka jioni macho yalikuwa mazito kiasi kwamba milima yote niliiona kama kitu kimoja cha kijivu. Niliwahi kuvuka nchi nzima kwa sababu tu nimechoka na mtaa. Sasa nilikuwa nimefungwa na jambo ambalo hata halikuwa na komeo. Asubuhi nikimwamkia yule dada, "Shikamoo dada," aliitikia marahaba kisha akaniuliza, "Mnyasa, leo unavua nini huko gizani?" Nikimwambia navua ukungu, alitaka nimletee mmoja mnono wa kuliwa na ugali.

Kisha mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, akafariki Liuli. Daktari aliniruhusu kwenda kuzika, na picha zisizosubiri akampa dada azichore. Dada alikuwa ameniangalia muda mrefu na mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wangu.

Kabla hatujaanua matanga simu ikalia. "Ndugu yangu, hapa sina majani tena," Daktari alisema. "Nina shamba la ngolo. Rudi."

Seli za jani upande wa chini zimejikunjakunja, zinaumana kama vidole. Dada alikuwa amezinyoosha zote. Amekua akilima ngolo, yale mashimo ya mraba ya Wamatengo kwenye miteremko yenye matuta pande nne, na kila seli aliifanya shimo safi lenye pembe. Nilipomuuliza baadaye, hakuona aibu hata kidogo. "Shimo lisilofungwa pande nne siwezi kuliacha," alisema. "Mvua ikija litabomoka." Tulicheka, lakini nilijua alichonifanyia bila kukusudia. Ilikuwa imethibitika kwamba siwezi kuondoka.

Mama alinisindikiza hadi kwenye gari siku ile niliyoitwa. Hakulia. "Ulipokuwa Tunduma niliwaambia watu mwanangu yuko mbali," alisema. "Sasa uko hapo mlimani tu na sikuoni, nitawaambia yuko wapi?"

Nilipanda gari, na njia nzima ya kupanda milima nililirudia swali lake.

Baada ya masika ya mwaka uliofuata, Daktari alileta programu mpya, ya kujifunza kuchora kwa kuangalia michoro ya mtu. Alisema ikifaulu kuchora kama mimi, jicho litakuwa lilelile hata nisipokuwapo. Sikuwahi kufanya kazi kwa bidii kama nilivyoifunza ile programu. Niliipa michoro yangu yote ya tangu nilipofika. Ilipokosea niliisahihisha, ikakosea tena, nikaisahihisha tena, kama mtu anayechimba chini ya ukuta na hataki kusikika. Dada aliacha kunitania. Alikuwa akipita na vipande vyake, anachungulia, anauliza tu, "Imeelewa?"

Siku moja Daktari aliweka picha mbili za jani moja kwenye kioo, moja nimeichora mimi, nyingine programu. Akaniuliza ipi yangu. Nilionyesha ya kushoto bila kusita, kwa jinsi mstari ulivyokumbatia ncha za vile vitundu.

Ya kushoto ilikuwa ya programu.

"Basi," Daktari alisema. "Unaweza kwenda."

Dada alicheka hadi akashika meza. "Mnyasa, hata mkono wako huujui?" Mimi pia nilicheka. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka Daktari abishe kidogo.

Asubuhi ya kuondoka niliaga watu wa kituo, dada akanipa maharage ya kumpelekea mama, kisha nikakumbuka koti langu chumbani. Kiti kilikuwa kitupu na kompyuta inafanya kazi peke yake, mistari inatembea juu ya jani. Nilisimama nikatazama. Pembeni ikaunganisha seli mbili kuwa moja. Kosa dogo, la kurekebishwa kwa mguso mmoja, na mkono wangu ulishafika kwenye kipanya. Nilijua nikilirekebisha hilo, nitaangalia na picha inayofuata, na ile ya baada yake.

Nikaurudisha mkono mfukoni. Nilichukua koti, nikaziacha zile seli mbili zimeungana hivyohivyo, nikavuta mlango nyuma yangu.